Nani Alijua Ungekuja Alhamisi

Makao ya Waombaji Hifadhi, chumba cha 14
11 Februari 2023

Dada yangu Dorotea,

Shikamoo. Kabla ya yote nauliza hali yako, ya shemeji Mashimba na ya Rose. Je, shemeji bado analala gereji Usagara wiki nzima, au sasa anarudi Igogo kila siku? Na mama, mguu wake vipi? Mwambie nimemwota amekaa mlangoni anachambua mchele, na katika ndoto alikuwa anacheka. Mimi ni mzima. Baridi ya huku ukitoka nje inabana pua mpaka machozi yanatoka. Ila kwa ngozi yangu ni nafuu, jua linachungulia saa chache tu kisha linaondoka.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu umenifungia. Tangu Krismasi ujumbe wangu haukufikii. Sikuulizi sababu. Barua naituma kwa sanduku la parokia, najua katekista atakupa mkononi.

Dada, wenzangu wawili niliokuja nao kwenye kozi ya kufundisha watoto wasioona vizuri walipanda ndege ya kurudi mwezi wa kumi na mbili. Mimi sikupanda. Nilikwenda na begi langu mpaka Idara ya Hifadhi ya nchi hii, nikasema kwa Kiingereza changu cha chuo kwamba naomba kulindwa, nikirudi nyumbani nitauawa. Mlinzi wala hakushtuka. Alinionyesha kiti akanipa namba, kama benki.

Nikueleze kulivyo, maana najua unapenda kujua vitu vinavyofanya kazi. Idara ni jengo la ghorofa nne. Chini wanaandikisha: walichukua alama za vidole vyote kumi, picha, na pasipoti yangu, wakanipa kadi yenye namba ya jalada. Ghorofa ya pili ni vyumba vya mahojiano. Ya tatu wanakaa watu ambao kazi yao ni kusoma habari za nchi zetu tu, mmoja anasoma za Tanzania na majirani zake. Ya nne wanakaa wanaotia sahihi. Anayekusikiliza haamui peke yake. Anaandika maoni, na mkubwa wake anayapima. Wakikataa, unakata rufaa mahakamani, na mahakama haipo chini ya Idara.

Nimefanyiwa mahojiano ya kwanza, yale mafupi: wewe nani, ulipitia wapi. Ya pili ndiyo makubwa. Wakili niliyepewa anaitwa Tasleem. Anasema kovu langu halitoshi, linaonyesha nilikatwa lakini halisemi nani alikata na kwa nini. Anataka barua ya ndugu aliyekuwepo Alhamisi ile, tarehe 18 Novemba 2021, iliyoandikwa kwa mkono na kutiwa sahihi.

Aliyekuwepo ni wewe. Wewe ndiye uliyenifunga mkono kwa kitambaa cha sare ulichokuwa unashona. Nimeshawaambia hivyo. Naomba uandike ulichokiona, basi.

Mdogo wako,
Mhoja


Igogo, Mwanza
2 Aprili 2023

Mdogo wangu Mhoja,

Marahaba. Barua yako ilifika, ikakaa parokia wiki mbili kwa sababu sijaenda kanisani. Sisi tunaendelea. Mashimba anarudi Jumamosi kwa Jumamosi. Rose amekuwa mrefu kuliko mimi. Mama mguu umevimba tena, anatembelea ukuta. Masika imeanza vibaya, tope limeshuka kutoka kwenye mawe mpaka kizingitini. Nina sare za shule mbili za kumaliza, na cherehani inaruka nyuzi.

Nimesoma habari za hilo jengo lako. Ile sehemu ya ghorofa nimeirudia mara tatu. Watu wazima, wenye shule zao, wamegawana vyumba ili kusikiliza habari zako. Mmoja anachukua vidole, mwingine anatafsiri, mwingine kakaa ghorofa ya tatu anasoma nchi yako. Mimi nikitaka kuomba hifadhi, Mhoja, napanda ghorofa ya ngapi?

Usikasirike, ngoja nimalize. Mwaka ule habari za watoto wenye ngozi kama yako kuchukuliwa zilipoanza, wewe ulikuwa na miaka tisa na mimi kumi na minne. Nilikuwa nimefaulu. Jina langu lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, wa pili kwa wasichana. Mama akafunga godoro na ndoo, akakushika mkono, mkapanda kivuko kuja Mwanza, wewe ukaingia shule ya bweni yenye ukuta na mlinzi, yeye akapanga chumba karibu ili awe anakuona. Mimi nikaambiwa nibaki kijijini na baba na bibi, “kwa muda.” Baba marehemu Luhaga, Mungu amrehemu, hakuwahi kujua hata sufuria inakaa wapi. Huo muda uliisha nilipoolewa.

Kofia pana zilitoka kwa wafadhili, ni zako. Mafuta ya ngozi, yako. Miwani, yako. Wageni wenye kamera walikuja wakapiga picha na wewe. Mimi nilikuwa yule wa nyuma anayeshika beseni. Kisha chuo. Kisha kozi. Sasa Ulaya. Na unaniandikia kwamba jua la huko ni nafuu kwa ngozi yako.

Barua unayoitaka sitaiandika. Mwambie wakili wako dada yako aliishia darasa la saba, hajui Kiswahili cha ofisi.

Mama anakusalimu. Yeye ndiye aliyenilazimisha kujibu.

Dorotea


Chumba cha 14
20 Mei 2023

Dada Dorotea,

Shikamoo. Pole kwa tope na kwa cherehani. Mama asitembelee ukuta, mwombe shemeji amchongee mkongojo. Rose kuwa mrefu kukuzidi siamini, mpaka nione picha. Mimi mzima, ila nimekonda, na chumbani kwangu amehamishiwa mama wa Kieritrea ambaye hatuelewani lugha. Tunasalimiana kwa kushikana mikono.

Niliyoyasoma nimeyasoma. Sitayajibu leo.

Nakuandikia kwa sababu mahojiano makubwa yamefanyika, tarehe 4 mwezi huu, saa sita mfululizo. Chumba kina meza, maji, na sanduku la karatasi laini za kufutia machozi. Afisa ni mwanamke wa makamo, sauti ya chini. Anaandika kila neno kwenye kompyuta. Mkalimani ni mzee wa kutoka Bujumbura, Kiswahili chake cha taratibu. Mwisho wanakusomea yote tangu mwanzo, unasahihisha, unatia sahihi kila ukurasa. Nilitia sahihi kurasa thelathini na moja.

Nilisimulia vizuri, Dada. Nilisimulia kivuko cha Kamanga saa nne, njia ya juu kwenye mawe, wanaume wawili mmoja ana panga ndani ya gunia. Nilisema walivyoniita “zeruzeru” na jina langu. Jina langu walilijua. Nilisimulia kina mama wa bombani walivyopiga kelele wakatupa ndoo, wale watu wakakimbia, na wewe ukatokea unakimbia na kitambaa cha bluu.

Halafu afisa akauliza, “Nani alijua kwamba ungekuja Alhamisi?”

Nikasema, “Mama yangu na dada yangu.”

“Hukumwambia mtu shuleni?”

“Mkuu wa shule tu, na nilimwambia Jumatano jioni.”

“Hawa watu walikuwa wamejificha njiani, wanakusubiri. Walijuaje?”

“Sijui.”

“Mama yako alimwambia mtu?”

“Mama hatoki ndani, mguu wake mbovu.”

“Na dada yako?”

“Dada yangu ndiye aliyenifunga mkono.”

Mkalimani akatafsiri. Afisa akaacha kuandika, akaniangalia. “Hilo silo nililouliza,” akasema.

Kwenye karatasi wameandika: *mwombaji ananyamaza.*

Ghorofa ya tatu wamempa taarifa kwamba hali ya Tanzania imekuwa bora, watu wameshitakiwa, wamefungwa, kuna shule za ulinzi. Mengine ni kweli. Anauliza kwa nini nisiishi Dar es Salaam. Nimejibu kwamba aliyenifuata alinifuata kwa jina, kutoka Sengerema nilikokuwa nafundisha mpaka Igogo, kwa hiyo Dar anaweza kufika pia. Lakini nikishindwa kusema alijuaje, jibu hilo linabaki hewani.

Dada, kuna mtu ulimwona? Kuna mtu alikuja kuuliza? Hata kama ni jambo dogo.

Mhoja


Igogo
9 Julai 2023

Mhoja,

Marahaba. Tumepata barua yako. Rose yuko salama, Mashimba yuko salama. Mama tulimpeleka Bugando, amelazwa siku sita, sasa yuko nyumbani. Nalala naye chumba kimoja, namgeuza, namwosha. Juzi wakati namwosha mgongo akasema, “Ahsante, Mhoja wangu.” Nikamwambia mimi Dorotea. Akasema, “Najua, mwanangu,” kisha akaniuliza kama umeshakula.

Usiniulize tena habari za Alhamisi ile.

Dorotea


Chumba cha 14
3 Oktoba 2023

Dada Dorotea,

Shikamoo. Nawasalimu wote. Mama namshukuru Mungu kwamba yuko na wewe. Nilikuandikia Agosti lakini sikupata jibu. Labda ilipotea, labda haikupotea.

Wamenikataa.

Uamuzi ulikuja kwenye bahasha nyeupe, kurasa kumi na mbili. Tasleem amenisomea. Wanakubali mimi ni nani, wanakubali kovu, wanakubali kwamba watu wenye ualbino wanaweza kudhuriwa. Halafu ukurasa wa tisa unasema simulizi langu lina pengo katika jambo la msingi: sikuweza kueleza washambuliaji walijuaje siku, saa na njia. Kwa hiyo hawaamini kwamba mimi hasa nilitafutwa. Wanaona huenda lilikuwa tukio la bahati mbaya, la wezi wa njiani. Kwa hiyo naweza kuishi Dar.

Nina haki ya kukata rufaa. Tasleem ameshaipeleka. Mahakama itanisikiliza Januari. Ikikataa nayo, jalada linahamia kitengo kingine, cha kurudisha watu, na hao hawaulizi maswali.

Sitakuomba barua tena. Nataka tu nikujibu yale ya Aprili, kwa sababu nimeyabeba miezi yote hii.

Naona ulikuwa unanionea wivu. Mimi je? Miaka tisa nilikaa ndani ya ukuta. Likizo watoto wengine walikwenda kwao, mimi nilibaki na mlinzi na paka. Mama alipokuja Jumamosi, unajua alizungumza nini? Alizungumza habari zako. Dorotea ameanza kushona. Dorotea amevuna mahindi peke yake. Dorotea angeliona hili gauni angejua lilipokatwa vibaya. Nilikuwa nakuchukia, Dada. Nilikuwa nakuwazia unatembea saa sita mchana katikati ya barabara, huna kofia, hakuna anayekuangalia mara mbili. Ulipomzaa Rose nililia siku nzima, na si kwa furaha. Nilijua mimi mwanaume atakayenitaka itabidi nimchunguze kama polisi.

Kila nilichopewa nilipewa kwa sababu kuna mtu aliyetaka mkono wangu. Ulikuwa unaonea wivu hicho.

Mhoja


Igogo
29 Oktoba 2023

Mhoja, mdogo wangu,

Marahaba. Barua ya Agosti ilifika. Niliificha chini ya kitambaa. Mama yuko vilevile. Rose na Mashimba wazima. Hii nimeikunja na kuikunjua tangu Jumatano, sasa naandika moja kwa moja bila kufuta. Mpe wakili wako.

Mimi Dorotea Luhaga, fundi cherehani, naishi Igogo. Mimi ndiye niliyewaambia.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 16 Novemba. Asubuhi mama aliniita akasema, “Alhamisi Mhoja anakuja, yule jogoo achinjwe.” Nikamwambia, “Mama, jogoo yule ni wa komunyo ya kwanza ya Rose.” Akasema, “Rose wazazi wake wote wapo. Mhoja anakula maharage ya shule.” Nilikwenda kwenye cherehani nimevimba.

Kama saa tano akaja mteja, ana suruali mbili za kupunguza. Mtu wa maneno mazuri, uso wa kicheko. Akasema anatokea Sengerema, mtoto wake unamfundisha wewe, anataka kukushukuru. “Yule mwalimu ni mdogo wako, sivyo? Huku anakuja lini?”

Ungesikia nilivyojibu. Nilijibu kama mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa. Nikasema, “Huyo? Alhamisi, kivuko cha saa nne. Hapa nyumba nzima imesimama kwa ajili yake.”

Akauliza, “Anapokelewa?”

Nikasema, “Nani akampokee? Njia ya kwenye mawe anaijua mwenyewe.”

Nikaandika jina lake, simu yake na vipimo vyake kwenye daftari, kama ninavyowaandika wote. Alipogeuka kuondoka, kile kicheko kilimtoka usoni mara moja, akawa mtu mwingine. Hapo nikajua. Sitaki kukudanganya kwamba nilijua baadaye. Nilijua kabla hajafika barabarani.

Simu ilikuwa kwenye droo ya cherehani. Nikasema nitakupigia nikimaliza suruali hii. Nikaimaliza. Nikaanza ya pili. Jioni nikasema kesho. Jumatano nikasema pengine ni mawazo yangu, mtu wa watu nitamsingizia bure. Na ndani yangu kilikuwepo kitu kingine, Mhoja, hicho ndicho nimeshindwa kukisema hata kwa padri. Kilisema: acha aje, akute hakuna aliyempokea. Siku moja tu. Sikutaka ufe. Sina haki ya kukuomba uamini hilo, lakini nakuomba.

Alhamisi saa nne nilisimama. Sikuweza kukaa kwenye kiti. Nilishika kile kitambaa cha bluu bila kushona chochote. Niliposikia kelele nilikuwa wa kwanza kufika kwa sababu nilikuwa nazisubiri. Majirani walisema, “Huyu dada ana moyo.” Mama aliniombea. Wewe ulinishika shingo kwa ule mkono mzima ukasema, “Usiniache.” Tangu siku hiyo kila ukiniita jina nasikia vibaya. Ndiyo maana nilikufungia simu.

Suruali hakuja kuzichukua. Ukurasa wenye jina lake upo. Sijaung'oa.

Sijaandika hii ili unisamehe. Nimeandika kwa sababu umesema una pengo, na pengo ni mimi.

Dorotea Luhaga (sahihi)


Chumba cha 14
25 Februari 2024

Dorotea,

Nawasalimu nyumbani, mama, Rose na shemeji. Ni miezi mingi imepita na hujasikia lolote kutoka kwangu. Ilibidi iwe hivyo.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye chumba cha kufulia, mashine zinazunguka. Niliikunja nikaiweka chini ya godoro. Siku tisa sikumwonyesha mtu. Nilifikiri kuichoma. Nilijiambia, afadhali wanirudishe kuliko niokolewe na karatasi hii. Yule mama wa Kieritrea aliniona nimekaa kitandani bila kuvua viatu tangu asubuhi, akaja akanivua yeye. Siku ya kumi nikampigia Tasleem.

Aliisoma kwa tafsiri, kisha akauliza kama naelewa kwamba ikiingia kwenye jalada, mahakama itakujua kwa jina. Aliniambia Idara hairuhusiwi kupeleka chochote kwa serikali ya nyumbani, lakini uamuzi uwe wangu. Nikasema iingie.

Tarehe 17 Januari tulikaa mbele ya watu watatu, jaji mwanamke katikati. Mwakilishi wa Idara alikuwepo. Alisema barua ya ndugu ni rahisi kuandikwa, dada yeyote angeweza kuandika uongo ili kumsaidia mdogo wake. Jaji akaniomba niisome kwa Kiswahili, kwa sauti, na mkalimani anifuate. Niliisoma. Kwenye jogoo nikanywa maji, nikaendelea.

Jaji akauliza, “Unamwamini dada yako?”

Nikasema ndiyo.

“Kwa nini? Ana sababu ya kukusaidia.”

Nikasema, “Kwa sababu ameandika kwamba alimaliza suruali kwanza. Mtu anayetunga uongo wa kunisaidia angesema hakujua, au alipiga simu nisipokee. Asingejiwekea hiyo suruali.”

Yule wa kulia akainama akaandika. Jaji akasema, “Hayo yanatosha.”

Jana umekuja uamuzi. Mahakama imefuta ule wa kwanza, na Idara imeagizwa kunipa hadhi ya ukimbizi. Kibali cha miaka mitatu, kinachoweza kuongezwa. Nitatoka kwenye makao haya, nitapewa chumba mji mwingine, nitasoma lugha, halafu nitafute kazi ya shule.

Kuna mambo mawili yanakwenda pamoja na kibali hicho. La kwanza, siruhusiwi kukanyaga Tanzania. Nikienda, ni kama nimesema siogopi tena, wanakifuta. Kwa hiyo mama sitamwona, labda Mungu afanye njia nyingine. La pili, kuna fomu ya kuleta familia. Nilijaza jina lako chini ya la mama. Afisa akanionyesha kwa kalamu: familia kwao ni mume na watoto. Dada hahesabiwi. Nikamwambia kwetu anahesabiwa. Akasema anaelewa, akayakata majina yote mawili.

Dorotea, sijakusamehe. Nimeandika sentensi hiyo mara nne na mara tatu nimeifuta. Nilipokuwa nasoma mbele ya wale watu niliona kile ulichokiona wewe, jogoo, mama, nyumba nzima imesimama kwa ajili yangu, na kwa dakika moja hata mimi nilimchukia huyo Mhoja. Kisha nikakumbuka ni mimi, na mkono ni wangu.

Usinifungie simu tena. Lakini usipige kwanza. Nitapiga mimi.

Mhoja


Igogo
14 Aprili 2024

Mdogo wangu Mhoja,

Nakusalimu. Hukuniamkia safari hii, na sikudai. Hapa tuko salama kwa kiasi. Rose yuko kidato cha kwanza, amepangiwa shule ya huku huku Nyamagana, na sijamwacha akose hata siku moja. Mama anakaa kitini jioni. Mashimba hajanisemesha wiki ya tatu sasa, lakini Jumamosi anarudi, anaweka unga mezani.

Nilipopata uamuzi wako nililichukua lile daftari nikaenda kituoni. Peke yangu. Askari wa kaunta akasema jambo la mwaka 2021 nitafute mkubwa. Nikakaa benchi kuanzia saa mbili mpaka saa nane nikamwona mkubwa. Nilimsomea ukurasa: jina, simu, kiuno thelathini na nne. Akaniuliza, “Mama, unaelewa unajitaja na wewe?” Nikasema naelewa. Maelezo yangu yaliandikwa, nikaambiwa nisitoke Mwanza bila kuaga. Wiki mbili baadaye walimkamata kwenye machimbo huko Geita. Mwenzake bado. Kesi itatajwa Mei na nitasimama kama shahidi. Wakiamua kunishitaki na mimi, nitasimama upande mwingine. Wateja wamepungua. Kuna mama alikuja akachukua kitambaa chake ambacho hakijakatwa, akaondoka bila kuaga.

Ilibaki kumwambia mama. Nilimwambia mchana, mlango ukiwa wazi, asije akadhani namficha. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha siku mbili hakula kutoka mkononi mwangu. Rose ndiye aliyemlisha. Siku ya tatu nilikuwa nafagia, akasema, “Kaa.”

Nikakaa chini.

Akasema, “Yule mtoto alikuwa damu yako.”

Nikasema, “Ndiyo, mama.”

“Ulitaka afe?”

“Hapana, mama. Nilitaka asipokelewe.”

Kisha akasema, “Nilikuacha kijijini umeshika barua ya sekondari. Nilikuona kutoka kwenye gari la kwenda kivukoni. Ulikuwa hulii, nikajiambia huyu ana nguvu, huyu hahitaji mtu. Nilikuwa natafuta kitu cha kujiambia.” Akasema tena, “Hilo halifuti ulichofanya, Dorotea. Nakuambia tu kwamba nilikuona.”

Mhoja, nina miaka thelathini na moja na nililia chini pale kama mtoto mchanga, ufagio mkononi. Mama hakunigusa. Alinitazama tu mpaka nilipomaliza, akasema niwashe jiko.

Ulivyoandika kwamba hujanisamehe, sikukuomba na sikuombi. Nitakuambia na la kwangu, ili usije ukadhani kwamba nimegeuka malaika kwa sababu ya daftari moja. Ile picha uliyoiweka kwenye bahasha, umesimama nje ya makao na koti jekundu, tumeitazama sote. Rose akasema mama mdogo amependeza, Mama akaibusu. Mimi niliipeleka mlangoni kwenye mwanga, nikaitazama vizuri, mabega, mishono, ukosi ulivyolala. Bado ninao ule wivu, Mhoja. Haukuondoka. Nilisimama pale nikasema moyoni, koti lile lingenipendeza zaidi mimi.

Simu iko wazi. Nasubiri upige.

Dada yako,
Dorotea